Waulizeni mapema, na mkiwakatalia waambieni sababu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii, Nairobi; na kwa Waheshimiwa Mabalozi wa nchi za Ulaya zinazotoa hapa Kenya viza za kwenda kufanya kazi kwao.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa Kijerumani hapa Mombasa. Darasani kwangu huja wauguzi waliosajiliwa ambao hawajapata ajira nchini, vijana waliomaliza kidato cha nne wanaotafuta nafasi ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi huko Ujerumani ambayo mwanafunzi hulipwa huku akisoma, na mara mojamoja dereva au mpishi wa hoteli. Wakishafaulu mtihani wa lugha, kazi niliyolipwa huwa imekwisha. Lakini hawaendi zao. Hurudi jioni na bahasha zao tukae tupitie mahojiano ya ubalozini, maana katika safari nzima hiyo ndiyo hatua inayowanyima usingizi.

Nimeona niwaandikie nyote kwa barua moja kwa sababu mtu mmoja huyohuyo anapita mikononi mwenu nyote, na kila mmoja wenu anadhani mwenzake ndiye anayemwangalia.

Siombi viza apewe kila aombaye. Kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie, na wapo waombaji wenye vyeti vya kughushi. Nimewaona, na wawili watatu nimewaondoa darasani. Ninachoomba ni kwamba maswali yanayoulizwa ubalozini yaulizwe kwanza hapa nyumbani, mapema, na serikali yetu wenyewe; na kwamba anayekataliwa aambiwe sababu kwa namna atakayoweza kuifanyia kazi.

Wengi wenu hamjawahi kusimama upande wetu wa kile kioo cha dirisha la ubalozi, kwa hiyo niruhusuni nieleze. Miadi huwa Nairobi, iwe Riverside Drive au mtaa mwingine wa mabalozi. Mtu wa Mombasa akiitwa asubuhi hana budi kufika siku moja kabla. Nauli ya daraja la chini ya treni ya SGR ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Anashuka Syokimau, anatafuta matatu, analala kwa shangazi Umoja au Eastleigh, na alfajiri yuko njiani akihofia msongamano wa magari. Simu haingii nayo ndani. Kwenye bahasha mna pasipoti, picha za milimita 35 kwa 45, mkataba wa kazi, fomu ambayo mwajiri amejaza saa za kazi na mshahara, vyeti vya shule na chuo pamoja na tafsiri zake, cheti cha lugha, barua ya mamlaka ya Ujerumani kuhusu kutambuliwa kwa taaluma yake, bima, na nakala za kila kitu. Analipa ada, yuro 75 kwa viza ya Ujerumani ya kukaa muda mrefu, nayo hairudi hata akinyimwa. Anaweka vidole kwenye mashine. Halafu maswali yanaanza.

Mwajiri wako ni nani? Mji huo uko jimbo gani? Utafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Mshahara ni kiasi gani kabla ya makato? Utaishi wapi? Mwajiri huyo ulimpataje? Kuna mtu uliyemlipa ili upate kazi hii?

Dakika chache, yamekwisha. Na nasema kwa dhati kwamba hayo ni maswali mazuri kabisa, ndiyo maana yananiuma. Afisa wa nchi ya kigeni ndiye mtumishi wa serikali wa kwanza kumuuliza Mkenya huyu kama anajua anakokwenda, atalipwa nini, na nani amechukua pesa zake. Kwetu hakuna aliyemuuliza. Idara ya uhamiaji ilichukua shilingi 7,550 za pasipoti ya kurasa 34, ambayo awali ilikuwa 4,550. Idara ya upelelezi, DCI, ilimchukua alama za vidole na shilingi 1,050 za cheti cha tabia njema. Kote huko alipanga foleni, akalipa, akapewa karatasi. Mkataba wake haukufunguliwa na mtu.

Kuna muuguzi, mkazi wa Likoni, aliyesoma kwangu Kijerumani hadi kiwango cha B2, kile kinachofuata B1. Wakala alimwambia kwenye simu kwamba mshahara ni kiasi fulani na nyumba ni bure. Mkataba ulipofika tuliukalia pamoja kwenye meza ya darasa, ukurasa kwa ukurasa, penseli mkononi. Kodi ya chumba ilikuwa inakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Na karibu na mwisho palikuwa na kifungu kinachosema kwamba akiacha kazi kabla ya muda uliotajwa atarudisha gharama zote za kumleta, maelfu ya yuro. Aliusoma mstari ule mwenyewe kwa Kijerumani, akaurudia kwa Kiswahili, kisha akaniuliza kama ameelewa vizuri. Alikuwa ameelewa vizuri. Bangili za dhahabu za mamake zilikuwa zimeshawekwa rehani kulipia ada ya wakala huyo. Alipompigia kuuliza habari za kifungu kile, aliambiwa asichezee bahati yake. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Sasa mfikirieni binti huyu mbele ya kioo. Anaulizwa mshahara. Akitaja alioambiwa na wakala, unapishana na karatasi iliyo mbele ya afisa, naye anaonekana mwongo. Anaulizwa kama amemlipa mtu. Mawakala wengi huwafundisha waseme hapana, na yeye ameshalipa, familia ina deni, pasipoti iko mkononi mwa afisa. Atasema nini? Swali lililowekwa limlinde linageuka mtego, si kwa ubaya wa aliyeuliza, bali kwa sababu limekuja wakati ambapo hana tena cha kuchagua. Lingeulizwa kabla bangili hazijatoka kabatini, angesema kweli yote bila hata kusukumwa.

Mheshimiwa Waziri, hapa ndipo nakuelekea wewe.

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, walishuhudia kutiwa saini kwa mkataba wa uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani mjini Berlin. Habari zilizoenea hapa nyumbani zilikuwa za nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha hadharani: mkataba hauna idadi yoyote wala mgao. Kukanusha hakukufika mitaani kwetu Mombasa, Kisauni wala Changamwe. Kilichofika ni ile laki mbili na nusu, na mawakala waliitumia vizuri. Wazazi walinipigia simu wakiuliza kama ni kweli serikali itawasafirisha watoto bila mahojiano. Niliwaambia mkataba umerahisisha baadhi ya taratibu, na pia unazungumzia kurudishwa kwa Wakenya wasio na kibali cha kuishi kule, lakini kila mwombaji bado lazima awe na mwajiri, taaluma inayotambulika na lugha. Madereva watano wa basi waliopokelewa Flensburg, Ujerumani, kwa mpango wa majaribio walikwenda hivyohivyo, mmoja mmoja, na makaratasi yao.

Si mara ya kwanza tunatangaza kabla ya kuandaa. Mwaka 2021, baada ya mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Watu walicheka mitandaoni. Mimi sikuona cha kucheka. Niliona watu wazima waliosomea kazi yao, wanaoongea Kiingereza wodini kila siku, waliopelekwa kwenye mtihani wenye mbinu zake bila mtu kukaa nao kuwaonyesha unavyoulizwa. Mahojiano ya viza ni hivyohivyo. Yana utaratibu wake, na utaratibu unafundishika.

Mwishoni mwa 2024 wizara iliita vijana kwenye shughuli za Kazi Majuu, mpango wake wa ajira za nje, na foleni zilizoonekana pale KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi, hazihitaji maelezo. Mwaka huohuo Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Serikali inayojivunia pesa hizo katika kila hotuba inaweza kumlipa mtumishi mmoja anayesoma mkataba wa kazi.

Ninachopendekeza ni kitu kidogo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, iweke meza katika Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ya Mombasa, na nyingine Kisumu, Eldoret na kwingineko. Mtu akipata mkataba wa kazi ya nje, kabla hajamlipa yeyote, aje nao. Pawe na anayejua kusoma lugha ya mkataba huo, amuulize maswali yaleyale ya ubalozini, bila malipo na bila vitisho. Athibitishe kuwa wakala ana leseni. Atazame mshahara, saa, makato ya nyumba, na kile kifungu cha kurudisha gharama. Kikiwepo, amwambie mwombaji kwa lugha anayoielewa, na wizara imwandikie mwajiri. Tuna mikataba na serikali za nchi hizo. Mlango wa kubisha upo.

Jambo jingine, Mheshimiwa, ambalo naona halisemwi kabisa kwenye mikutano ya hadhara. Sheria ya Ujerumani ina njia ya haraka kwa wafanyakazi wenye ujuzi. Mwajiri analipa yuro 411 kwa idara ya wageni ya eneo lake, idara hiyo inafuatilia kutambuliwa kwa taaluma na idhini ya shirika la ajira, na kibali cha awali kikishatoka ubalozi unatakiwa kumpa mwombaji miadi ndani ya wiki tatu, na kwa kawaida uamuzi kutolewa ndani ya wiki tatu nyingine. Kwa njia hii sehemu kubwa ya ukaguzi imemalizika kabla mtu hajapanda treni. Anayeianzisha ni mwajiri, si mwombaji, kwa hiyo kijana wa Likoni hawezi kuidai peke yake. Wizara inaweza. Mnapokaa na wajumbe wa Ujerumani kuzungumzia utekelezaji wa mkataba wa Berlin, waombeni kwamba mwajiri anayechukua Wakenya kupitia mpango wa serikali aitumie njia hiyo. Hiyo itawafaa vijana kuliko idadi yoyote itakayotangazwa.

Kuna wanaosema dawa ni kuondoa mahojiano. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya hapahapa Pwani. Mama zetu na dada zetu wamekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, Oman, Qatar na Emirati kwa miaka mingi. Wengi wao hawakusimama mbele ya afisa yeyote. Wakala alichukua pasipoti, akairudisha na viza ndani, na siku ya uwanja wa ndege wakapewa mkataba wa Kiarabu watie sahihi. Aliyeusoma kwa mara ya kwanza aliusoma akiwa amefungiwa ndani ya nyumba ya watu. Familia zilizopokea majeneza hapa Mombasa zinajua mwisho wa njia hiyo. Afadhali mara mia mtu aulizwe. Lakini aulizwe mapema, na anayejibu asiwe na hofu.

Waheshimiwa Mabalozi, nanyi nina neno nanyi.

Tarehe 1 Julai 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani iliondoa, katika balozi zake zote duniani, ile nafasi ya aliyenyimwa viza kuuandikia ubalozi akiomba uamuzi uangaliwe upya. Ilikuwa bure. Mtu aliandika barua, akaambatisha karatasi iliyokuwa imepungua, na uamuzi uliangaliwa tena. Sasa zimebaki njia mbili: kuomba upya na kulipa upya, au kwenda Mahakama ya Utawala ya Berlin, ambako lugha ya kesi ni Kijerumani na muda wa kufungua kesi kwa kawaida ni mwezi mmoja.

Najua hoja iliyotolewa. Walilijaribu jambo hili katika baadhi ya balozi tangu 2023, wakaona watumishi wanapata muda wa kushughulikia maombi mapya na foleni ya miadi inapungua. Naielewa, maana wanafunzi wangu pia hulia kwa kusubiri miadi. Lakini muda uliookolewa ubalozini haujapotea tu hewani. Umehamia kwa mwombaji. Mtu ambaye kasoro yake ilikuwa fomu moja ya mwajiri isiyojazwa sawasawa sasa anaanza safari yote tena, na mwajiri naye ana nafasi wazi wodini asiyoweza kuiacha miezi na miezi. Atamchukua mwingine. Na nani wa Mombasa atafungua kesi Berlin kwa mwezi mmoja? Muuguzi asiye na ajira atamlipa wakili wa Berlin kwa kipi?

Kijana mmoja aliyekwenda kwenye mahojiano ya ubalozi wa nchi moja ya Ulaya aliniletea barua yake ya kukataliwa. Mistari michache. Ilisema kwamba madhumuni ya safari yake hayakuaminika. Aliiweka mezani akaniuliza afanye nini ili mara ijayo yaaminike. Je, ni lugha? Ni mshahara? Ni pengo la mwaka mmoja kwenye wasifu wake, alipokuwa akimuuguza babake? Tulipekua bahasha nzima tukabahatisha. Mwalimu na mwanafunzi wake wanabahatisha, wakati mtu anayejua jibu yupo, na huenda kuliandika kungemchukua sentensi mbili.

Karani wa dirishani simlaumu. Anahojia watu wengi kwa siku na anafuata maagizo. Nawaambia ninyi mnaotoa maagizo.

Nchi ya Ujerumani tangu Januari 2025 imeweka mfumo wa mtandaoni wa kuomba viza za kazi na masomo katika balozi zake zote. Mwombaji anapakia makaratasi yake, na upungufu unaweza kuonekana kabla ya miadi. Ni hatua njema na nimewaeleza wanafunzi waitumie kwa makini. Basi mfumo uleule utumike pia mwishoni. Kabla ya kukataa kwa sababu ya karatasi iliyokosekana au maelezo yasiyoeleweka, mwandikieni mwombaji humohumo, mpeni muda mfupi ajibu, hata wiki mbili. Akishindwa, kataeni. Na mkikataa, iandikwe ni karatasi gani, ni jibu gani, ni sharti gani. "Shirika la ajira halikuidhinisha kwa sababu mshahara uko chini ya wa wafanyakazi wenzake" ni sentensi moja, na mwombaji akiisoma anajua kwamba kosa ni la mwajiri, si lake, na kwamba haifai kurudi na mkataba uleule.

Jingine ni hili: waelezeni waombaji mambo yatakayozungumziwa kwenye mahojiano, kwa Kiswahili chepesi, katika kurasa zenu. Sisemi mtoe majibu. Semeni tu kwamba utaulizwa kuhusu mwajiri, mshahara, makazi, lugha, na malipo kwa mawakala. Na semeni waziwazi kwamba mtu aliyedanganywa na wakala hataadhibiwa kwa kusema ukweli. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Biashara ya mawakala wabaya imejengwa juu ya hofu hiyo: wanauza "majibu ya ubalozi" kwa maelfu ya shilingi, wanakaririsha watoto uongo, na mtoto aliyekariri anatambulika papo hapo. Mkiandika wenyewe, bidhaa yao inakosa soko.

Tena, kwa wale wanaohojia kwa Kijerumani: mtu mwenye cheti cha B1 cha Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, amethibitisha lugha yake. Dirishani, kwa sauti inayokatikakatika kupitia kipaza sauti, akiwa na woga wa mwaka mzima, atasema chini ya uwezo wake. Mrudieni swali polepole kabla ya kuandika kwamba hajui lugha.

Mheshimiwa Waziri, wizara yako ianze na Mombasa. Meza moja Huduma Centre, mtu mmoja anayesoma Kijerumani na mmoja anayesoma Kiarabu, siku mbili kwa wiki. Walimu wa lugha wa mji huu tuko tayari kuwasaidia kuandaa orodha ya maswali na kuwaelekeza wanafunzi kwenu kabla hawajatoa hata shilingi.

Waheshimiwa Mabalozi, rudisheni nafasi ya uamuzi kuangaliwa upya pale palipoondolewa, au wekeni ile ya kujibu kabla ya kukataliwa. Na majibu yenu kwa barua hii, ya wizara na ya balozi, tafadhali yatoeni hadharani kama nilivyoandika mimi, ili wenye miadi wayasome kabla ya siku yao.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kijerumani,
Mombasa